Sura ya Nne: Ndoo Mbili Zilizozidi

"Nilipima, afande."

Fundi alikuwa amelitoa jibu hilo mara kumi na nne tangu Jumamosi, na karani wa kituo alikuwa ameliandika mara zote kumi na nne, maana karani yule hakupenda kuacha kitu. Inspekta aliyasoma yote asubuhi ile ya Jumatano, akafunga jalada, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia kugusa nondo za mahabusu.

Kituoni walimwita Mama Rula. Hawakumwita hivyo mbele yake, lakini alijua, na hakuona ubaya. Ni kweli alitembea na rula ya chuma mkobani, na ni kweli aliwahi kumtoa mtu jela kwa sababu ya milimita tatu.

"Kupima umesema," alimwambia. "Sasa niambie ulipima nini. Nianzie mwanzo kabisa, kama vile mimi ni mteja na sijui hata samaki anapumua vipi."

Fundi alimwangalia kwa mashaka. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka kama thelathini, mikono imekauka kwa gundi. Siku nne watu walimuuliza kwa nini aliua. Huyu alikuwa wa kwanza kumuuliza alifanyaje kazi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi mchana, daktari wa meno aliyeheshimika mtaani kwake alikutwa kifudifudi sebuleni, peku, ndani ya maji yaliyomwagika kutoka kwenye tangi lake la samaki. Waya wa umeme ulikuwa sakafuni, ndani ya maji hayo hayo. Hospitali ikaandika umeme. Mkuu wa kituo akaandika fundi, kwa kuwa ndiye aliyefunga mitambo ya tangi wiki sita nyuma, na saa kumi jioni ya leo jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka. Likishafika huko, fundi angepelekwa gereza kuu kusubiri kesi, na kesi za namna ile zilisubiriwa mwaka mzima. Nje, kwenye benchi la kituo, mke wake alikuwa amekaa na mtoto wa wiki tatu ambaye baba yake hajamshika tangu Ijumaa.

"Tangi la daktari ni kubwa," fundi alianza taratibu. "Liko juu ya kabati. Ndani ya kabati kuna tangi dogo, sisi tunaita la chini. Pampu inakaa kule chini, inapandisha maji juu. Sasa yakipanda lazima yateremke, la sivyo yatamwagika. Ndiyo kazi ya kile kisanduku cha kufurikia. Kinaning'inia ukingoni, kina meno kama kitana. Maji ya juu yakizidi yanapita kwenye meno, yanavuka ukingo kwa bomba la kupinda, yanashuka chini. Yanazunguka hivyo usiku na mchana." Akatabasamu kidogo bila kutaka. "Daktari alifurahi sana. Alisema hata tangi lake limeota meno, sasa atalitibu mwenyewe."

"Na bomba la kupinda likishindwa?"

Tabasamu likaondoka. "Hapo umeuliza swali la fundi, afande. Lile bomba lina tabia moja mbaya. Likiingiwa na hewa, linakata. Maji hayashuki tena, na pampu haina habari, inaendelea kupandisha."

"Mpaka yamwagike."

"Kwa wengine, ndiyo. Kwangu, hapana." Alisogea karibu na nondo. "Mimi nahesabu hivi. Juu ya meno mpaka ukingoni niliacha nafasi ya sentimita tatu. Tangi lina urefu wa mia na ishirini, upana arobaini na tano. Nafasi hiyo inameza lita kumi na sita na ushei. Kwa hiyo kule chini siweki maji yanayozidi hayo juu ya mdomo wa pampu. Tangi la chini ni sabini na tano kwa thelathini na tano. Sentimita sita tu. Pampu ikiwa inazunguka, maji yasivuke sentimita sita. Bomba likikata, pampu itapandisha yote iliyonayo, tangi litajaa mpaka karibu na ukingo, halafu pampu itanyonya hewa, itapiga kelele, basi. Hakuna tone linaloanguka."

Inspekta alikuwa anaandika. Alizidisha pembeni mwa ukurasa, akaangalia, akazidisha tena. Hesabu ilikaa sawasawa.

"Mwenye nyumba atajuaje hizo sentimita sita?"

"Nachora mstari kwenye kioo cha tangi la chini. Kwa rangi ya kucha, nyekundu. Mke wangu ananigombeza kila siku, nammalizia rangi zake. Na sikabidhi kazi kabla sijaitesa. Nalichomoa bomba makusudi mbele ya watu wa nyumba, waone kwa macho yao. Kisha nawaambia, msivuke mstari huu, mkivuka tu mnatafuta balaa."

"Siku hiyo nani waliona?"

"Daktari mwenyewe. Na kulikuwa na mtu kwenye kochi, miguu juu ya meza, gazeti usoni. Sikumwona sura. Niliona vidole vya miguu tu."

"Na waya?"

"Niliutundika ukutani kwa misumari miwili, juu kabisa, afande. Mimi niache waya sakafuni chini ya maji? Nina mtoto mchanga nyumbani." Akageuza uso ukutani.

* * *

Mkuu wa kituo hakupenda hadithi ya rangi ya kucha.

"Jalada halina mstari wowote," alisema. "Picha za Jumamosi hazina mstari. Lakini lina maelezo ya muuza pampu, anayeijua kazi hii kwa miaka ishirini. Pampu inasukuma lita elfu tatu kwa saa, imeandikwa ubavuni. Kisanduku kinapitisha elfu mbili na mia tatu. Mtoto wa shule ataona kwamba maji yaliingia mengi kuliko yaliyotoka."

"Wiki sita, mkuu?"

"Wiki sita nini?"

"Kama kisanduku kilikuwa kidogo, tangi lingemwagika dakika ileile. Mbona lilisubiri wiki sita?"

Mkuu alitazama saa ya ukutani. "Saa kumi, Inspekta. Na hata ukinithibitishia kisanduku ni kizuri, marehemu mwenyewe angeweza kujaza maji kupita kiasi. Sitaki kusikia yasiyo na ushahidi."

Hilo la mwisho lilimkera Inspekta, kwa sababu lilikuwa kweli.

* * *

Nyumba ya daktari ilikuwa kimya. Viatu vilivuliwa mlangoni, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile, na sakafu ya vigae ilikuwa na baridi iliyopanda mpaka kwenye magoti. Mjane aliwapokea, Inspekta na konstebo wake, akakaa kwenye ncha ya kochi akiwa amejifunika kanga mabegani. Tangi lilisimama mbele yao, refu, lenye maji machafu. Tangu Jumamosi halikuwashwa. Samaki wawili walielea ubavu juu, na wa tatu alikuwa pembeni akifungua na kufunga mdomo. Inspekta hakumtazama sana.

"Mama, pole tena. Jumamosi ni nani aliyefuta maji hapa?"

"Mimi mwenyewe. Walipomchukua tu. Sikuweza kuyaona yale maji." Alinyoosha kidole pembeni ya kochi. "Nilikamulia kwenye ndoo. Ndoo mbili, hii hapa ya lita kumi. Ya pili ilikuwa pungufu kidogo."

"Marehemu alikuwa anaongeza maji kwenye tangi?"

"Jumapili kwa Jumapili, kwa jagi. Alikuwa anapiga magoti pale kama anasali. Nilimwambia, mume wangu, hao samaki wanakunywa kuliko wewe." Alicheka, kisha akalia, kisha akaomba radhi, na Inspekta akamwambia hapana haja ya radhi.

Alipiga magoti mbele ya kabati pale pale alipokuwa anapiga magoti marehemu. Kioo cha tangi la chini kilikuwa kimeota utelezi wa kijani, kila mahali isipokuwa ukanda mmoja, upana wa kidole, uliokuwa unang'aa. Aliweka rula. Ukanda ulikaa sentimita sita juu ya mdomo wa pampu, barabara. Ukutani nyuma ya kabati, mahali ambapo hakuna aliyehangaika kuchungulia Jumamosi, kulikuwa na matundu mawili ya misumari, na misumari yenyewe haikuwepo.

"Mama, wewe unapaka rangi ya kucha?"

"Kucha? Zamani."

"Dawa ya kuitolea unayo?"

Mjane alikwenda bafuni, akarudi na kichupa mkononi, akikitikisa kwa mshangao. Kilikuwa kitupu. Alisema alikifungua mara moja tu, kwenye harusi ya mdogo wake.

Inspekta aliupiga picha ukanda ule mara sita, rula ikiwa pembeni, konstebo akashuhudia na kutia sahihi. Baada ya hapo alifanya jambo lililomfanya konstebo afungue mdomo na kuufunga. Alichukua kitambaa akasugua kioo chote, utelezi ukatoka wote, kikabaki cheupe kama kimetoka dukani. Sasa hakuna aliyeweza kusema mstari ulikuwa wapi, ila yeye, konstebo, fundi, na mtu mwingine mmoja kama alikuwepo.

Kisha likaja suala la kisanduku. Walivuta waya mpya kutoka chumba cha pili, wakautundika juu, na konstebo akapewa kazi ya kusimama kwenye swichi kuu ukumbini, mahali pa kuonana na Inspekta. Inspekta alimimina maji kidogo kule chini, akaelekeza mdomo wa bomba la pampu kwenye ndoo, akashika saa. Pampu ilivuma. Ndoo ya lita kumi ilijaa kwa sekunde kumi na nane. Alirudia mara tatu, kumi na nane, kumi na nane, kumi na tisa.

"Elfu mbili kwa saa," alisema. "Ubavuni wameandika elfu tatu, lakini hiyo ni pampu isiyopandisha kitu. Hapa inapanda mita moja na zaidi, inachoka njiani. Kisanduku kinapitisha elfu mbili na mia tatu. Fundi alipima."

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Kisanduku kilikuwa kimesafishwa, lakini neno la mkuu lilibaki palepale. Bila ndoo mbili zilizozidi kule chini, sakafu ingekuwa kavu. Mtu alizimimina, akafuta mstari, akashusha waya, akang'oa bomba. Labda mkuu angeng'ang'ania kwamba ni marehemu. Inspekta aliuokota waya wa zamani kutoka kwenye mfuko wa vielelezo, akaulaza sakafuni kama ulivyokutwa kwenye picha. Ncha yake nyingine ilipotelea nyuma ya pazia. Kwamba haikuchomekwa popote, hilo hakumwambia mtu.

"Shemeji yako, yule mdogo wa marehemu anayeishi hapa, yuko wapi?" alimuuliza mjane.

"Anarudi sasa hivi. Amekwenda kushughulikia kaburi. Masikini, amekuwa nguzo yangu siku hizi zote. Na walikuwa hawaelewani, marehemu alishampa mwezi ahame, lakini angalia alivyojitoa."

* * *

Mdogo wa marehemu aliingia saa nane na nusu, mtu mnene mwenye sauti laini, akavua viatu, akampa Inspekta pole kama vile aliyefiwa ni yeye. Katika maelezo yake ya Jumamosi alisema siku tangi lilipofungwa hakuwepo nyumbani, na kwamba habari za samaki hazijui kabisa, yeye samaki anamjua sahanini.

"Umekuja wakati mzuri," Inspekta alisema. Alikuwa amesimama juu ya kigoda, mkono wa kulia umezama kwenye tangi la juu mpaka kwenye kiwiko, ameshika bomba la kupinda. Pampu ilikuwa inazunguka, maji yakipita kwenye meno kwa mlio mdogo wa kunywa. "Konstebo yuko kwenye swichi, mimi mikono imefungika. Tangi la chini limepungua. Naomba uniongezee maji, ndoo mbili hizo."

"Hamna neno, afande."

Alipita juu ya waya bila kuukanyaga. Inspekta aliona macho yake yakiufuata mpaka kwenye pazia. Akapiga magoti mbele ya kabati, akainua ndoo ya kwanza, akamimina. Mjane alikuwa amekaa kwenye kochi, ametoa macho. Chumba kilinuka maji yaliyolala.

Ndoo ya kwanza iliisha. Mdogo wa marehemu akachukua ya pili. Hakuuliza ajaze mpaka wapi. Alimimina taratibu, akapunguza, akainamisha kichwa mpaka jicho likawa sawa na maji, akaongeza kiasi cha kikombe, akaacha. Ndoo ilikuwa imebaki na zaidi ya nusu. Akaiweka chini, akasimama.

"Tayari."

"Mbona umeacha?"

"Si panatosha?"

"Sawa," Inspekta alisema, na akalichomoa bomba.

Mlio wa kunywa ulikatika. Pampu iliendelea kuvuma, na maji ya tangi la juu yakaanza kupanda, kidogo kidogo, kwenye kioo. Yalivuka meno. Yalivuka kisanduku. Samaki aliyebaki alipanda nayo. Mjane alipiga yowe, akaruka juu ya kochi kwa miguu yote miwili, akajibana ukutani. "Afande, yatamwagika! Zimeni! Zimeni jamani!" Ukumbini konstebo aliinua mkono kuelekea swichi, jasho likimtoka, Inspekta akamtikisia kichwa.

Maji yalifika chini ya ukingo, unene wa kidole, nusu ya kidole. Hapo pampu ilikohoa, ikanyonya hewa, ikaanza kulia kwa sauti kavu. Hakuna tone lililoanguka.

"Zima," Inspekta alisema.

Mdogo wa marehemu alikuwa bado amesimama palepale, peku, hatua moja kutoka kwenye waya uliomuua kaka yake. Inspekta alishuka kwenye kigoda, akajifuta mkono kwa kanga aliyopewa na mjane, akatoa rula. Alama ya maji ilikuwa bado mbichi kwenye kioo cha tangi la chini. Alipima.

"Sentimita sita."

"Bahati tu, afande."

"Hukuuliza ujaze mpaka wapi. Mtu asiyejua huuliza. Shemeji yako amepanda juu ya kochi, konstebo wangu karibu azimie, na wewe hukurudi nyuma hata hatua moja. Ulijua hayatamwagika."

"Niliona pale palipong'aa kwenye kioo," alisema haraka. "Palikuwa na kama mstari. Nikadhani ndipo mwisho wake."

"Palipong'aa?"

"Ndiyo. Nikafuata pale."

"Njoo unionyeshe."

Aliinama. Alitazama kioo kutoka kona moja mpaka nyingine, kikiwa cheupe chote, na mkono aliokuwa ameunyoosha ulibaki hewani bila pa kutua.

"Nimekisugua chote saa sita mchana," Inspekta alisema. "Kabla yangu amekigusa nani?"

Mjane aliteremka kwenye kochi, akasogea polepole, macho yakihama kutoka kwenye tangi kwenda kwenye kichupa kitupu mezani, na kutoka kwenye kichupa kwenda kwa mtu aliyemwita nguzo.

"Shemeji," alisema. "Shemeji, sema basi."

Yule mtu alitazama vidole vyake vya miguu. Konstebo alimfunga pingu bila kusukumana. Pale mlangoni aliomba viatu vyake kwa ile sauti laini, na mjane ndiye aliyemsogezea, kwa mazoea tu, halafu akaona alichofanya, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

* * *

Mkuu wa kituo alisoma kurasa nne, akatazama picha sita, akaguna, na saa kumi kasoro dakika kumi akatia sahihi karatasi ya kumwachia fundi. Inspekta aliipeleka mwenyewe. Alifungua mlango wa mahabusu, akakaa kwenye benchi la saruji kando ya fundi, akamweleza yote kwa utaratibu, sekunde kumi na nane za ndoo, ukanda, kichupa, mpaka ile hatua ambayo haikurudi nyuma. Alidhani kijana ataruka. Hakuruka.

"Yule wa gazeti," fundi alisema.

"Yule wa gazeti."

"Alikuwa anasikiliza."

"Neno kwa neno."

Fundi alikaa ameshika magoti. Kwa mbali, kule nje, mtoto alianza kulia, na mama yake akawa anambembeleza kwa wimbo usio na maneno. Fundi alisikia, akainua kichwa, lakini hakusimama.

"Daktari asingejua kwamba maji yanaweza kuzidi, wala nduguye asingejua, kama mimi nisingewaonyesha," alisema. "Niliwaambia wasivuke mstari. Nikawaonyesha na kinachotokea ukivuka."

Inspekta aliusukuma mlango ukafunguka wote. "Hukumwaga wewe," alisema. "Nenda. Mkeo anakungoja."

"Nimefunga matangi kumi na moja, afande." Alikuwa anakunja mikono ya shati. "Nyumba kumi na moja. Kote nililichomoa bomba mbele yao, na kote kulikuwa na watu wamekaa wanatazama. Nyumba mbili waliniita tena mwezi huu, wanauliza wakizidisha maji kidogo tu itakuwaje. Nikawajibu."

Inspekta alitoa daftari, akafungua ukurasa mpya.

"Anza na hizo mbili," alisema.